Chupa Nne

Kwenye rafu ya pili, kwenye joto la mwili wa mtu,
nimelaza chupa nne, bapa, kama viganja.
Nje, Bombo inaamka: fagio, chai, honi ya bodaboda.
Ndani hakuna sauti ila friji
na mimi, Mwanamkasi, ninayehesabu.

Ya kwanza ni uboho wa Shembilu,
fundi wa mabehewa, miaka sitini na minane.
Walipomfungua nyonga walitugawia kijiko kimoja.
Seli zake zinakwenda kama yeye, zikiegemea.
Siku ya tano bado zinatafuta pa kukaa.

Ya pili ni mafuta ya tumbo la Bi Mwanjaa.
Alicheka hadi mshono ukamuuma:
"Miaka yote nayafunika kwa kanga,
leo mnayaomba?"
Yako tele. Kijiko chake kimoja
kinatoa seli ambazo uboho hautoi kwa kikombe.

Ya tatu, ute wa kiungamwana
wa mtoto ambaye hadi leo hana jina,
ni "yule wa kitanda cha saba".
Hizo haziambiliki.
Jioni nimeziacha kisiwa, asubuhi ni bara.

Bibi yangu, kule Pongwe, alikuwa mkunga.
Kila kitovu alikizika kwa jembe dogo,
akipima kina kwa kiwiko,
ili mwenyewe akiulizwa kwao ni wapi awe na jibu.
Sijui angeniambia nini akinikuta
nimekata kwao kwa mtu
vipande vya milimita mbili,
nikavipanga kwenye plastiki.

Ya nne ni jino la Hatibu wa Makorora, la utoto,
ile nyama laini ya ndani, ndogo kuliko punje ya mchele.
Sikulitarajia lolote. Likaniaibisha.

Kisha nikazifundisha kazi.
Seli shina ni shina kwa kuwa halijachagua tawi;
udongo uwahi ungali maji.
Hizi nikazinywesha dawa ya mfupa, hizi ya gegedu,
hizi ya mafuta. Wiki tatu. Halafu rangi.
Mfupa ukajitokeza mwekundu kama ubuyu,
na aliyeongoza ni Shembilu!
Zilizochelewa kufika ndizo zilizojua njia.
Za Bi Mwanjaa zikarudi kwao, matone tele ya mafuta.
Za kitanda cha saba zikaendelea kuzaana,
somo halikuziingia.

Dokta Semkiwa anataka jedwali.
Ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, kufikia Ijumaa.

Nimeshika kalamu.
Nimepima uboho, au nimepima uzee?
Nimepima kiungamwana,
au siku moja tu ya kuwa duniani?
Ili nijue, ningehitaji Shembilu mmoja
mwenye nyonga yake, tumbo lake, jino lake la utoto
na kitovu chake mwenyewe,
na kitovu chake kimezikwa Mlalo
tangu enzi za Mwingereza.

Safu ya mwisho nikaiacha tupu.

Saa nane mchana mtu akagonga.
Sare ya shule, mdomo una dirisha.
"Nimefuata jino langu. Sijalirusha."

Nikampandisha kwenye stuli, nikamwonyesha darubini.
"Hizo zote ni wewe. Zinafika milioni mbili."
Akatazama sana, akiwa amefumba jicho lisilotakiwa.
"Sawa," akasema. "Lakini la kurusha liko wapi?"

Lilikuwepo. Ganda lake, tupu,
ndani ya bahasha ya kaki yenye namba.
Kanuni inasema lichomwe.

Tukazunguka nyuma ya jengo.
Akarusha kwa mkono wa kushoto, juu ya mabati,
tukalisikia likibingirika,
likikwama kwenye mfereji wa mvua.
Akapangusa mkono kwenye kaptula.

"Na zile milioni mbili," akauliza,
"nazo zitaniotea?"

Nikamwambia bado tunalinganisha.